Damu Inayolinda Tumbo: Somo kwa Mwenye Kumeza Dawa za Maumivu Wakati wa Daku



Ndugu msomaji, kila Ramadhani inapokaribia, swali moja hurudi katika darsa zetu za fiqhi ya funga hapa chuoni: je, mwenye vidonda vya tumbo afunge au asifunge? Wengi wetu hulijibu haraka. Mmoja atasema afunge, kwa kuwa funga ni dawa. Mwingine atasema asifunge, kwa kuwa tumbo likiwa tupu hujila lenyewe. Majibu yote mawili hutolewa kabla ya kuulizana jambo la msingi: tumbo lenye asidi kali kiasi kile hulindwa na nini lisijiunguze? Na ulinzi huo huvunjwa na nini?

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si udaktari. Lakini wanazuoni wetu wametufundisha kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa jambo lenyewe. Huwezi kumjibu mgonjwa kuhusu ugonjwa usioujua. Kwa hiyo nilikaa na vitabu vya fiziolojia, kisha nikawaomba ndugu wanaosoma udaktari waupitie mswada wangu. Kusudio la somo hili ni moja: kuonyesha kwamba ngao kubwa ya tumbo ni damu inayopita katika utando wake, kwamba damu hiyo huongezwa na kupunguzwa kwa amri maalumu, na kwamba vidonge vya maumivu tunavyonunua kwa urahisi katika maduka ya dawa ya mitaani hapa Uganda huikata mojawapo ya amri hizo.

Ninaposema tumbo katika somo hili nakusudia mfuko wa chakula, si sehemu yote ya mbele ya mwili kuanzia kifuani hadi kiunoni.

1. Asidi kali juu ya nyama laini

Tumbo la mtu mzima hutoa takribani lita 2 za majimaji kwa siku. Ndani yake mna asidi ya haidrokloriki pamoja na kimeng'enya kiitwacho pepsini, ambacho kazi yake ni kuvunja protini. Nyama ya ng'ombe uliyokula ni protini. Ukuta wa tumbo lako nao ni protini. Asidi inapokuwa kali kabisa, chembe zake za haidrojeni huwa nyingi zaidi ya mara milioni moja kuliko zilivyo katika damu. Kati ya asidi hiyo na damu kuna utando mwembamba tu.

Kwa nini basi ile nyama ya ng'ombe imeng'enywe na ukuta wa tumbo ubaki salama?

Wengi tulifundishwa sekondari kwamba jibu ni ute. Ni kweli, lakini ni sehemu tu ya jibu. Juu ya utando kuna tabaka la ute unaonata, lenye unene usiofika milimita moja. Chini ya ute huo, seli za juu hutoa bikaboneti, ambayo huizimua asidi. Ndiyo maana kipimo cha pH katikati ya tumbo kinaweza kuwa 1 au 2, na pale ute unapogusana na seli kikakaribia 7. Chini ya ute kuna seli zenyewe, zilizoshikamana kwa nguvu na kubadilishwa kwa mpya kila baada ya siku chache. Mkwaruzo mdogo ukitokea, seli za jirani husogea na kuufunika ndani ya muda mfupi.

Sasa jiulize. Ute hutengenezwa kwa malighafi itokayo wapi? Bikaboneti huletwa na nani? Seli mpya hulishwa na nani? Na asidi kidogo inayopenya huondolewa na nani? Jibu la maswali yote manne ni damu. Ute ni ukuta wa ngome, na damu ndiyo njia ya chakula na silaha za walinzi. Ukiikata njia hiyo, ukuta utasimama kwa muda tu.

2. Njia ya damu

Damu hutoka kwenye moyo kwa mshipa mkuu uitwao aota. Chini kidogo ya kiwambo cha pumzi, aota hutoa tawi fupi na nene linaloitwa shina la siliaki. Hapo ndipo hutoka mishipa inayolizunguka tumbo pande zake mbili, wa juu uliopinda kwa ndani na wa chini uliopinda kwa nje. Mishipa hiyo huungana yenyewe kwa yenyewe, hata mmoja ukiziba mwingine husaidia. Kisha hutoboa misuli ya tumbo na kutandaza wavu wa mishipa chini ya utando. Kutoka kwenye wavu huo hupanda mishipa midogo iitwayo ateriole, nayo hugawanyika kuwa kapilari nyembamba zinazopita kati ya tezi za asidi mpaka juu kabisa.

Hapa pana jambo lililonishangaza kuliko yote niliyosoma. Seli inayotengeneza asidi ina milango miwili. Kwa mlango wa juu humwaga asidi ndani ya tumbo. Kwa mlango wa nyuma, kwa kila chembe ya asidi iliyomwagwa, huingiza chembe moja ya bikaboneti kwenye damu. Damu hiyo hupanda na kapilari mpaka juu, ikazikabidhi seli za uso wa tumbo bikaboneti ileile ili zijikinge. Kinachochoma na kinachokinga hutoka katika seli moja kwa wakati mmoja, na mbebaji wa kinga ni damu. Asidi ikizidi, bikaboneti nayo huzidi. Subhanallah. Allah (S.W.) ametuhimiza katika Suratu Dhaariyaat tuzitazame nafsi zetu, na hii ni aya mojawapo iliyomo ndani yetu tangu tuzaliwe.

Baada ya hapo damu hukusanywa na vena na kupelekwa kwenye ini kwa mshipa wa poto kabla ya kurudi moyoni. Njia hii ya kutokea nayo ina habari yake kwetu. Wenzetu wanaotoka kandokando ya Ziwa Albert na Ziwa Victoria wanakijua kichocho cha matumbo. Mayai ya minyoo yake hulitia ini makovu, shinikizo katika mshipa wa poto hupanda, na vena za tumbo na za umio huvimba mpaka zinaweza kupasuka. Kwa hiyo si kila anayetapika damu ana vidonda vya tumbo. Apelekwe hospitali, asitibiwe kwa kukisia.

3. Nani hufungua bomba?

Fikiria mabomba ya kutawadhia msikitini. Tangi lina maji wakati wote, lakini bomba halifunguliwi wakati wote. Ijumaa kabla ya hotuba mabomba yote huwa wazi. Saa nne usiku moja tu hudondosha. Vivyo hivyo ateriole za tumbo: zina misuli midogo kwenye kuta zake, nayo ikilegea damu huongezeka, ikikaza damu hupungua. Anayeiambia misuli hiyo ilegee au ikaze si mmoja. Kuna watoa amri wa aina tatu.

Wa kwanza ni neva zitokazo kwenye ubongo na uti wa mgongo. Neva ya vegasi huamka tunapoona, kunusa na kuonja chakula. Huamuru asidi itolewe na wakati huohuo hufungua mishipa, ili damu ije pamoja na asidi. Kinyume chake ni neva za simpathetiki, zile za hali ya hatari. Mwili ukiumia, ukipoteza damu, ukitishika au ukikimbia kwa nguvu, neva hizi hukaza mishipa ya tumbo na utumbo ili damu iende kwenye moyo, ubongo na misuli. Mtu akiwa ametulia, takribani robo ya damu itokayo moyoni hupitia viungo vya tumboni, likiwemo ini. Hiyo ni akiba kubwa, na mwili huikopa unapobanwa. Ndiyo maana wagonjwa walioungua vibaya au walio mahututi wanaweza kupata vidonda vya tumbo bila kula chochote kibaya. Daktari Mwingereza Thomas Curling alikwisha kuandika juu ya vidonda vya wagonjwa wa moto mwaka 1842.

Wa pili ni neva za hisia zilizomo ndani ya utando wenyewe. Neva hizi zina kipokezi kilekile kinachoguswa na pilipili tunapohisi mkali wake. Kipokezi hicho kiligunduliwa na David Julius wa Marekani mwaka 1997, na kazi hiyo ikamfanya awe mmoja wa wawili walioshinda Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Asidi ikipenya utando, neva hizi huihisi. Hazisubiri ubongo uamue. Papo hapo humwaga kemikali kwenye ateriole ya karibu, ateriole hufunguka, na damu humiminika mahali palepale ili iizimue asidi na kuiondoa. Peter Holzer na wenzake wa Graz, Austria, ni miongoni mwa waliolichunguza jambo hili kwa panya. Neva hizo zilipoharibiwa, asidi na vitu vikali vilileta majeraha makubwa zaidi, kwa sababu hapakuwa tena na wa kupiga kengele.

Wa tatu ni kemikali zinazotengenezwa hapohapo. Mbili ndizo kubwa. Moja ni naitriki oksaidi, gesi inayotolewa na kuta za mishipa yenyewe. Wagunduzi wa kazi yake mwilini, Furchgott, Ignarro na Murad, walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1998. Ya pili ni prostaglandini. Hizi hufanya kazi nyingi kwa pamoja: hufungua mishipa, huongeza ute, huongeza bikaboneti, na hupunguza kidogo utoaji wa asidi. Katika mfano wetu wa msikiti, prostaglandini ni yule mhudumu anayehakikisha mabomba hayafungwi kabisa hata usiku. Hatumwoni akifanya kazi, lakini asipokuwepo, siku moja tu inatosha kujulikana.

Shika jina hilo, prostaglandini, kwa kuwa tutalirudia.

4. Waliolitazama tumbo kwa macho

Huenda ukauliza: haya yalijulikanaje? Kabla ya mitambo ya leo, palikuwa na watu wawili ambao matumbo yao yalitazamwa moja kwa moja.

Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu la kuingia tumboni halikuziba. Daktari wa jeshi William Beaumont alimfanyia majaribio kwa miaka, akaandika kitabu mwaka 1833. Aliona kwamba St. Martin akiwa na homa au hasira, utando ule laini wa rangi ya waridi hubadilika. Tukumbuke pia kwamba St. Martin alikuwa maskini aliyekuwa akimtumikia daktari huyo huku akichunguzwa, na mwanafunzi wa maadili ya tiba ana la kujadili hapo.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mjini New York, Stewart Wolf na Harold Wolff walimchunguza mtu aitwaye Tom. Tom aliungua umio utotoni kwa supu ya moto, akawa analishwa kupitia tundu la tumboni. Katika kitabu chao cha mwaka 1943 walieleza kwamba Tom alipoingiwa na hofu au huzuni, utando wa tumbo ulipauka na asidi ikapungua. Alipojaa hasira na kinyongo, utando uliiva kwa wekundu, asidi ikazidi, na utando ukawa mwepesi kuchubuka.

Mtume (S.A.W.) alipoombwa nasaha na mtu mmoja, alimkataza kukasirika, akalirudia hilo kila alipoombwa tena. Sisemi kwamba hadithi hiyo ilikuja kufundisha fiziolojia. Nasema tu kwamba hasira haikai moyoni peke yake, na tumbo nalo lina fungu lake.

5. Kidonge hufanya nini

Aspirini ilitengenezwa katika maabara ya kampuni ya Bayer, Ujerumani, mwaka 1897. Mwaka 1938 madaktari wawili wa London, Douthwaite na Lintott, walitazama matumbo ya watu waliomeza aspirini na kuona uwekundu na michubuko. Sababu kamili haikujulikana mpaka mwaka 1971, Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba aspirini na dawa za ndugu zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1982 pamoja na Waswidi Bergström na Samuelsson.

Dawa hizo ndugu tunazijua wote: dikilofenaki, ibuprofeni, indomethasini, pirosikamu. Maumivu ya goti hutokana kwa sehemu na prostaglandini zilizoko gotini, kwa hiyo kidonge kikizizuia maumivu hutulia. Lakini kidonge hakijui njia ya goti peke yake. Huenda na damu mwili mzima, na kule tumboni humwondoa yule mhudumu wa mabomba. Ateriole hukaza, ute hupungua, bikaboneti hupungua. Chembe nyeupe za damu nazo hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo na kuzidi kuisonga. Asidi inaendelea kumwagwa kama kawaida, na ulinzi umeondoka.

Ndugu mmoja aliniuliza swali zuri: ikiwa tatizo ni kupungua kwa damu, mbona mgonjwa hutoka damu nyingi? Jibu ni kwamba hivyo ni vituo viwili vya safari moja. Kwanza kapilari za juu hukosa damu, na kipande cha utando hufa. Kisha asidi na pepsini huchimba kipande hicho mpaka kuufikia mshipa mkubwa zaidi ulio chini, nao hutoboka. Hapo aspirini na ndugu zake huongeza balaa la pili, kwa kuwa huzifunga mikono chembe sahani, zile zinazoanza kugandisha damu. Kwa aspirini, chembe sahani iliyoguswa haiponi katika uhai wake wote, ambao ni siku 7 hadi 10.

Ramadhani iliyopita ndugu yetu mmoja wa hosteli aliumia goti katika mpira. Alinunua dikilofenaki bila kuonwa na daktari, akawa anameza wakati wa daku na baada ya kufuturu. Goti lilipoa, akashukuru, akaendelea. Baada ya kama wiki mbili alianza kuona kizunguzungu katika rakaa za tarawehe. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami, lakini hakumwambia mtu, kwa kuwa aliona aibu na tumbo halikumuuma. Usiku mmoja alianguka akitoka msikitini. Hospitali walimwongeza damu na kumwingiza kamera tumboni, wakakuta kidonda. Alhamdulillahi, yu hai na anasoma. Nilipomtembelea, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mbona sikusikia maumivu?"

Jibu la swali hilo ndilo ningependa kila msomaji aondoke nalo. Dawa ileile inayochimba kidonda ndiyo inayonyamazisha maumivu. Mtu anaweza kufika kwenye kutoka damu bila kuumwa hata siku moja.

6. Maneno matatu ya kusahihisha

"Nimemeza na chakula, kwa hiyo niko salama." Chakula hupunguza kichefuchefu na kero ya pale juu. Lakini madhara makubwa huja kwa njia ya damu baada ya dawa kufyonzwa. Ndiyo maana hata anayechomwa sindano ya dikilofenaki anaweza kupata kidonda. Uji na tende za daku haviwezi kurudisha prostaglandini zilizozuiwa.

"Vidonda vyote ni kwa sababu ya mawazo na kushinda njaa." Sababu kubwa mbili zinajulikana: dawa hizi, na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walimwotesha bakteria huyo maabara mwaka 1982. Mwaka 1984 Marshall alimnywa yeye mwenyewe, tumbo lake likapata uvimbe, na mwaka 2005 wote wawili walipata Tuzo ya Nobeli. Bakteria huyu hupimwa na kutibiwa kwa antibiotiki. Anayebeba bakteria na akameza dawa za maumivu amejikusanyia hatari mbili.

"Kila maumivu ya juu ya kitovu ni alsa." Hapa kwetu jina hilo limekuwa kikapu cha kila kitu: kiungulia, gesi, nyongo, hata wasiwasi wa mitihani. Vipimo vipo. Kujipa jina la ugonjwa na kujitibu nao ni kubahatisha.

7. Turudi kwenye fiqhi

Sasa tunaweza kulijibu swali la mwanzo kwa utulivu zaidi.

Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ibn Qudama katika al-Mughni ameeleza kwamba ugonjwa unaoruhusu ni ule mzito, unaozidishwa na funga au unaohofiwa kuchelewa kupona kwa sababu yake. Hilo hujulikana kwa uzoefu wa mgonjwa mwenyewe au kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Hapa utaona kwa nini fakihi hawezi kumkwepa daktari: kipimo alichokiweka fakihi hupimwa na daktari.

Kwa mtu mwenye afya, kushinda bila kula hakulikati tumbo damu. Mtiririko hupungua ukilinganishwa na baada ya mlo, lakini wale watoa amri watatu wapo kazini, na asidi inayopenya hujibiwa. Mwenye kidonda kilichopona amwulize daktari, na wengi huruhusiwa kufunga. Mwenye kidonda kibichi, au aliyetoka damu karibuni, hali yake ni nyingine kabisa. Huyo ruhusa ya Mola wake ni haki yake, na kuikataa si uchamungu. Anapopona hulipa. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya kulisha maskini.

Kuna hali ya tatu ambayo darsa zetu huisahau: mtu ambaye tumbo lake ni zima, lakini ana maumivu mengine, na ili asiache kufunga anameza vidonge vikali usiku kucha. Huyu hafungui kwa sababu ya tumbo, bali analiharibu tumbo ili asifungue. Kanuni ya sheria ya kuondoa madhara inamhusu. Ikiwa maumivu yake ni makubwa kiasi cha kuhitaji dawa hizo kila siku, basi yeye ni mgonjwa, na aonwe na daktari kama mgonjwa. Ndugu yetu wa hosteli alidhani kula mchana wa Ramadhani kwa ajili ya goti ni udhaifu wa imani. Hakuna aliyemwambia kwamba kuuliza ni sehemu ya imani pia.

Wala tusidhani kwamba kuunganisha elimu hizi mbili ni jambo geni. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa tabibu na pia mwanafiqhi wa madhehebu ya Shafii. Katika sherehe yake ya maungo katika Qanun ya Ibn Sina, alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, kisha huenda upande wa kushoto. Ilikuwa zaidi ya miaka 300 kabla ya William Harvey kuchapisha kitabu chake cha mzunguko wa damu mwaka 1628. Mkono ulioandika fiqhi ndio ulioandika njia ya damu.

8. Ya kufanya

Kwa maumivu ya kichwa au homa ndogo, anza na parasetamoli, ambayo ni nafuu zaidi kwa tumbo. Usizidishe kipimo, kwa kuwa ikizidi huliua ini.

Usinunue dikilofenaki au ibuprofeni ya siku nyingi bila ushauri. Usichanganye mbili za aina hiyo, wala moja pamoja na aspirini, bila daktari kujua. Mweleze kama uliwahi kuwa na kidonda, maana zipo dawa za kupunguza asidi anazoweza kukupa pamoja nazo.

Dada yangu unayezitumia kwa maumivu ya hedhi, siku chache kwa kipimo sahihi huwa ni salama kwa wengi. Zikiwa ni za kila mwezi kwa siku nyingi, muone daktari atafute sababu.

Aliyepewa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache kwa sababu ya makala haya. Amuulize aliyempa.

Mazoezi makali huhamisha damu kutoka tumboni kwenda kwenye misuli na ngozi. Usimeze vidonge hivi ili ucheze mpira jioni ukiwa umefunga. Sigara nayo huchelewesha vidonda kupona.

Choo cheusi kinachonata kama lami, kutapika damu au kitu kama mashapo ya kahawa, kizunguzungu ukisimama: hizo ni dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama huna maumivu na hata kama ni mchana wa Ramadhani. Vidonge vya madini ya chuma pia huweza kufanya choo kiwe cheusi, lakini mwache daktari ndiye aseme hivyo.

Na katika kula, tuikumbuke hadithi ya Miqdam bin Maadikarib aliyoipokea Tirmidhi, ya kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Ni adabu ya kufuturia kabla ya kuwa ni adabu ya afya.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Taja watoa amri watatu wa damu ya tumbo, na ueleze ni yupi hunyamazishwa na dikilofenaki.
2. Kwa nini sindano ya dawa ya maumivu inaweza kuleta kidonda ingawa haikupita tumboni?
3. Mwenzako amefunga, na saa tisa alasiri anakuambia choo chake ni cheusi na anaona kizunguzungu. Utamshauri nini, na dalili yako ya kisheria ni ipi?

Swali la tatu lijadilini kwa kirefu. Huenda mmoja wenu katika halaqa hiyo ana jibu analolificha kwa aibu, kama alivyolificha ndugu yetu.

Allah atupe afya ya kumwabudu nayo, na elimu ya kuitunza. Wabillahi tawfiq.